Siku ya Kura, Iwe Siku ya Mapumziko?

Katika nchi ya Marekani liko shauri moja lililozungumzwa miaka mingi, wala halijakwisha mpaka leo. Nalo ni hili: je, siku ya kuchagua rais na wabunge ifanywe sikukuu ya taifa, ofisi zifungwe, watu wapumzike, ili kila raia apate nafasi ya kwenda kupiga kura? Wengine husema ndiyo, wengine hukataa kabisa. Huenda msomaji wa Kalemie au wa Lubumbashi akauliza: «Mambo ya Wamarekani yatuhusu nini sisi?» Yatuhusu. Sisi nasi tumekwisha piga kura, mara siku ya Dominika, mara katikati ya juma, na kila mara muuguzi, mlinzi na mtumishi wa nyumbani wamejiuliza swali lile lile: nitakwenda saa ngapi, na ni nani atakayeshika kazi yangu?

Tueleze kwanza mambo yalivyo huko kwao. Wamarekani huchagua rais siku ya Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Maneno hayo yafanana na kitendawili, lakini yana sababu zake. Hapo zamani kila jimbo lilijichagulia siku, mradi iwe ndani ya siku 34 kabla ya Jumatano ya kwanza ya Desemba. Ndivyo ilivyoagiza sheria ya mwaka 1792. Matata yakatokea. Habari za jimbo moja zilijulikana kabla jirani zake hawajapiga kura, na wadanganyifu waliweza kuvuka mpaka wakapige kura mara ya pili. Basi mwaka 1845 Bunge lao likaamuru siku moja kwa nchi nzima.

Mbona Jumanne? Wakati ule Wamarekani walio wengi walikuwa wakulima. Mwezi wa Novemba mavuno yamekwisha ingia ghalani, na theluji haijafunga njia. Dominika haikufaa, kwa kuwa ni siku ya Bwana. Jumatatu haikufaa vilevile, maana mkulima aliyekaa mbali ingempasa kuondoka Dominika na gari lake la farasi, asije akachelewa. Jumatano mahali pengi ilikuwa siku ya soko. Ikabaki Jumanne. Tena husimuliwa kwamba hawakutaka kura iangukie tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote. Jambo hilo latupendeza kulisikia, lakini iko na sababu nyingine ya hesabu tupu: Jumanne ikiwa tarehe 1 Novemba, Jumatano ya kwanza ya Desemba ni tarehe 7, yaani siku 36 baadaye, na sheria iliruhusu 34 tu. Wanafunzi wapendao hesabu wachukue kalenda wahakikishe wenyewe. Wataona kwamba kwa kanuni hii ya mwaka 1845 hesabu huwa siku 29 daima, mwaka wo wote ule.

Sasa yule mkulima na farasi wake hawapo tena, lakini Jumanne yake imebaki. Nchi imekuwa ya viwanda, ya ofisi, na ya maduka yasiyofungwa hata usiku wa manane. Mama mwenye kufagia katika hospitali huingia kazini mapema, hutoka jioni, hupanda basi, hufika nyumbani watoto wakimngoja kwa chakula. Apige kura saa ngapi? Mahali pengine, hasa katika mitaa ya maskini, mstari wa wapiga kura umepata kuwa wa masaa mengi. Majimbo kadhaa yametunga sheria ya kumsaidia. California na New York, kwa mfano, zaamuru mwenye kazi ampe mfanyakazi asiye na nafasi ruhusa ya kwenda kupiga kura, na mpaka masaa mawili ya ruhusa hiyo yalipwe. Lakini sheria ya namna hiyo kwa taifa zima haipo.

Ndiyo maana wengine wamedai sikukuu. Baada ya matata makubwa ya uchaguzi wa mwaka 2000, ambao mshindi wake hakujulikana kwa majuma matano kwa sababu ya kura za jimbo la Florida, tume moja iliyoongozwa na marais wa zamani Jimmy Carter na Gerald Ford ilitoa shauri mwaka 2001: siku ya kura iunganishwe na sikukuu ya askari wa zamani, ambayo huangukia tarehe 11 Novemba. Shauri halikufuatwa. Mwaka 2005 mbunge John Conyers alipeleka mswada wa kuifanya siku hiyo sikukuu, nao haukupita. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilikubali mswada mrefu juu ya uchaguzi, na ndani yake wafanyakazi wa Serikali kuu walipewa mapumziko siku ya kura. Bwana Mitch McConnell, aliyekuwa mkuu wa walio wengi katika Senati, alisema kwamba ni hila ya chama cha upinzani kujitwalia mamlaka, na Senati haikuujadili.

Majimbo mengine hayakungoja Washington. Mfano wa Virginia ndio uliotugusa kupita yote. Huko ilikuwako sikukuu ya majenerali wawili, Lee na Jackson, waliowaongoza askari wa majimbo yenye kushika watumwa katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865. Mwaka 2020 Virginia iliifuta sikukuu hiyo, ikaiweka siku ya kura mahali pake. Siku iliyowatukuza watetezi wa nchi ya utumwa imeondolewa, na katika ile iliyoshika nafasi yake wajukuu wa watumwa hupanga mstari pamoja na wajukuu wa mabwana, kila mtu na kura yake moja. Tukipewa kuchagua sababu ya kufanya sikukuu, hiyo ni njema.

Hata hivyo wanaokataa wana neno la kusikilizwa, nasi hatupendi kulipita haraka. Marekani ina sikukuu 11 za taifa, lakini sikukuu hizo huwafunga wafanyakazi wa Serikali kuu tu. Mwenye duka au mwenye kiwanda halazimishwi kufunga. Basi siku ya sikukuu karani hulala nyumbani, na muuza duka hufanya kazi kuliko siku nyingine, maana makarani wote wamekuja kununua. Dereva wa basi, mpishi wa hoteli, muuguzi, zima moto, hawa hawapumziki. Tena shule zikifungwa, mama maskini aliyetakiwa kazini atamwachia nani watoto? Kwa hiyo sikukuu yaweza kumpa nafasi yule aliyekuwa na nafasi tayari, na kumwongezea mzigo yule tuliyetaka kumsaidia.

Kwa ajili hiyo majimbo mengi yamefuata njia nyingine, ya kuongeza siku za kupiga kura au kuruhusu kura ipelekwe kwa posta. Raia wa Oregon waliamua hivyo mwaka 1998, na wote hupokea karatasi ya kura nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikuwa wamekwisha piga kura kabla Jumanne yenyewe haijafika.

Nchi nyingine zimefanya namna nyingine. Wabelgiji hupiga kura Dominika, na tangu mwaka 1893 sheria yao inamlazimisha kila mwenye haki ya kura afike. Wafaransa nao ni Dominika. Waingereza wameshika Alhamisi, siku ya kazi, lakini milango yao hufunguliwa tangu saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Jirani zetu wa Kenya wameandika Jumanne ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na Serikali hutangaza mapumziko. Watanzania walipiga kura Dominika mwaka 2015. Mwaka 2020 walipiga Jumatano, nayo ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko.

Na sisi wa Kongo?

Kura za kwanza zilipigwa Desemba 1957, kwa kuchagua washauri wa komini katika miji ya Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Waliochagua ni wanaume tu. Mwezi wa Mei 1960, nchi nzima ilipochagua Bunge lake la kwanza, walikuwa tena wanaume tu. Mama zetu walitazama mstari ukipita mbele ya nyumba. Haki ya kura waliipata mwaka 1967. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu twasikia siku hizi baba wengine wakisema: «Mama abaki kulinda nyumba, mimi nitapiga kura kwa niaba ya wote.» Kura haipigwi kwa niaba ya wote. Baba mwenye akili atakwenda asubuhi na mkewe, au watapokezana watoto.

Sheria yetu ya uchaguzi ya mwaka 2006 imekwisha jibu swali ambalo Wamarekani wanaligombania: kura ipigwe siku ya Dominika au siku ya mapumziko, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kwa upande huo sheria yetu ni njema kuliko yao. Tarehe 30 Julai 2006 ilikuwa Dominika, na wapiga kura 70 katika kila 100 walifika. Tarehe 30 Desemba 2018 ilikuwa Dominika vilevile. Hawakufika hata 48 katika 100. Tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa Jumatano, Serikali ikatangaza mapumziko yenye kulipwa. Walifika wapata 43.

Tuzitazame hesabu hizi pasipo kujidanganya. Mwaka 2006 na mwaka 2018 siku ilikuwa ile ile ya Dominika, lakini zaidi ya watu 20 katika kila 100 walipungua. Basi si kalenda iliyowazuia. Mwaka 2006 watu walikuwa wametoka vitani, hawajachagua rais kwa uhuru miaka arobaini na zaidi, wakaamka usiku kwenda kupanga mstari. Miaka kumi na miwili baadaye wengi walikuwa wamechoka kuahidiwa. Mtu asiyesadiki tena kwamba kura yake itahesabiwa, mpe sikukuu, atalala.

Tena yako mambo ambayo sikukuu haiwezi kuyatengeneza. Jumatano ile ya mwaka 2023 watu walipumzika kweli. Masoko mengi yalifungwa, shule zilikuwa vituo vya kura. Lakini mahali pengi karatasi hazijafika, au mashine hazikuwaka, au makarani wenyewe walichelewa. Watu walisimama tangu alfajiri mpaka jua likazama. Tume ya uchaguzi ikaongeza siku ya pili, tarehe 21, kwa vituo ambavyo havijafunguliwa, na mahali pengine kura ziliendelea hata baada ya hapo. Mfanyakazi aliyelipwa mapumziko ya Jumatano, Alhamisi alitakiwa kazini. Na mama muuza mihogo, ambaye hakulipwa hata Jumatano, alikuwa amekwisha poteza siku moja ya chakula cha watoto. Nani atamlaumu asiporudi siku ya pili? Hapa ndipo maneno «mapumziko yenye kulipwa» yanapoonyesha udogo wake. Katika nchi yetu wenye kupokea mshahara wa kila mwezi ni wachache. Wengi hula kile walichopata siku ile ile: mwenye pikipiki, mchukuzi wa bandarini, mchimbaji, fundi wa viatu. Mapumziko yao hayalipwi na mtu. Ikiwa twataka wapige kura, tusiwaibie siku nzima. Kituo kilichofunguliwa kwa saa yake na kumaliza kazi yake upesi chamfaa maskini kuliko tangazo la sikukuu.

Wako pia ambao mapumziko waliyapata na kura hawakuipata. Mwaka 2018 watu wa Beni na Butembo waliambiwa, siku nne tu kabla ya kura, kwamba uchaguzi kwao umeahirishwa mpaka Machi 2019, kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Yumbi nao hivyo hivyo. Rais mpya aliapishwa Januari. Kura zao za rais, basi, hazikuwa na kazi tena. Huko Beni, Dominika ile ya tarehe 30 Desemba, watu walitengeneza masanduku yao wenyewe, wakapanga mstari, wakapiga kura ambayo hakuna tume ingeihesabu. Twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi. Mwaka 2023 tena Masisi na Rutshuru, na Kwamouth upande wa magharibi, hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kwa ndugu hao, swali la Jumanne au Dominika ni swali la watu wenye amani.

Sasa tuseme neno kwa ajili ya Wakristu. Wengine hutuuliza kama ni halali kupiga kura siku ya Dominika. Ndiyo, ni halali. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakumbusha raia wote kwamba kura ni haki yao na tena ni wajibu wao, kwa ajili ya mafaa ya wote. Kupiga kura si kazi ya kitumwa inayovunja amri ya tatu. Lakini Misa isisahauliwe kwa kisingizio cha mstari mrefu. Sheria ya Kanisa yaruhusu kutimiza wajibu wa Dominika kwa Misa ya Jumamosi jioni. Basi mapadri watangaze Misa hiyo mapema, na Wakristu waijaze, hasa wale watakaokaa kituoni mchana kutwa kama mashahidi na watazamaji. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu lilituma watazamaji wapata 40,000 katika vituo vya nchi nzima. Watu hao hawakuwa na nafasi ya kuhudhuria Misa saa tatu asubuhi.

Kama twaulizwa tuchague sisi, twapenda siku ya mapumziko katikati ya juma kuliko Dominika. Tunajua wengine wataona kwamba twatetea Misa zetu tu. Si hivyo tu. Dominika ndiyo siku ambayo jamaa hukaa pamoja, na ambayo mtu wa mlimani hushuka mbali kwenda kanisani. Kituo cha kura na kanisa vikiwa pande mbili, mzee hawezi kufika kote kuwili. Lakini siku ya juma yafaa kwa sharti moja, kwamba mapumziko yawe kweli kwa wote, wala si kwa karani na mwalimu peke yao.

Na hapo twaelekeza neno letu kwa wakubwa wa kazi, wakiwamo Wakristu wanaosoma gazeti hili. Wenye viwanda na wenye maduka wanajua sheria, na mkaguzi wa kazi anaweza kuwafikia. Lakini nani atakagua nyumba zetu? Siku ya kura bwana na bibi huondoka wamevaa vizuri, hurudi na wino kidoleni, hukaa barazani kujadiliana matokeo. Na mtumishi aliyewapikia chai asubuhi, aliyebaki na watoto na funguo, na mlinzi aliyekesha langoni, je, wao wamepiga kura? Mara nyingi hakuna aliyewauliza. Wengine waliandikishwa katika kijiji chao au katika komini nyingine, na kituo chao ki mbali; hao wahitaji nauli na nusu siku, wala haitoshi kuambiwa «nenda upesi urudi.» Mwenye nyumba awaulize juma moja kabla: kituo chako kiko wapi? kadi yako unayo? Wauguzi na wapadri walio na zamu wajipange wawili wawili, mmoja aende alfajiri, mwingine ampokee.

Mtumishi apewe asubuhi, asipewe jioni. Saa kumi na moja mlango hufungwa. Sheria yampa haki ya kupiga kura kila mtu aliyekwisha fika kituoni wakati ule, hata usiku ukiingia; yule ambaye bado yumo jikoni akiosha vyombo vya wageni hana tena nafasi, mpaka miaka mitano ipite.